Mimba imetoka, mume yupo kitandani: tuongee ya chumbani

Ukishasafishwa unapewa dawa, unaambiwa pumzika, basi. Ya chumbani hakuna anayegusa. Mimi nilivutwa pembeni na nesi mmoja, akaniambia kwamba mimba changa ikitoka, yai linaweza kupevuka hata ndani ya siku 10, kabla hujaona hedhi. Wewe unayesema "nitaanza uzazi wa mpango nikiona siku zangu", unaweza usizione kabisa.

Kwa hiyo uliza palepale, kabla hujatoka wodini. Vijiti, sindano na vidonge vinaanza siku hiyohiyo. Kitanzi pia, kama kizazi kimesafishika na hakuna maambukizi. Kondomu ndiyo inayozuia na magonjwa, na sisi tunaokaa Uyole, Mbeya, na waume madereva wa njia ya Tunduma tunajua safari zilivyo. Sisemi zaidi.

Tendo lenyewe lisubiri damu ikate na tumbo liache kuuma. Mpaka hapo usiingize chochote ukeni. Hapa niligombana na shangazi yangu wa Tukuyu, aliyenichemshia majani nijisafishe "mpaka ndani". Maji ya moto ya kuoga, Juni hii na baridi letu, nani atakataa? Ila ndani hapana. Mlango wa kizazi unakuwa haujafunga sawasawa, unajipelekea vijidudu mwenyewe.

Halafu damu kukata siyo ruhusa. Yangu ilikata, lakini mume wangu akinisogelea tu chini ya blanketi naganda, machozi yananitoka. Na nilikuwa nampenda vilevile. Nikamwambia mchana, tunachambua maharage uani, siyo usiku taa imeshazimwa: "Baba, we nikumbatie tu. Nikiwa tayari nitakwambia." Alinuna siku mbili tatu, akazoea. Nilipomwambia, tulikwenda taratibu, na kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, kwa sababu ukavu upo. Mafuta ya nazi na ya mgando yaacheni, yanapasua kondomu.

Pedi mbili zikilowa chapa ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyohivyo, au ukapata homa, uchafu wenye harufu, tumbo linalozidi kukata, nenda hospitali usiku huohuo. Hata kama uliitoa kwa siri. Sheria yetu ni kali, inajulikana, lakini matibabu baada ya mimba kuharibika ni ya kila mwanamke. Na mwambie daktari ulichomeza au ulichoingiziwa, ajue pa kuanzia.