Umeteuliwa kwenda mafunzo ya kliniki ya methadoni? Soma hapa kabla hujafunga begi

Dada yangu, bandiko lako nimelisoma mara mbili. Wewe ni muuguzi wa hospitali ya wilaya, kwenu panafunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga, umeteuliwa kwenda mafunzo ya siku tano, na wenzako wodini wanakwambia unakwenda kufundishwa "kugawa unga wa serikali". Umeuliza mawili: siku tano zinatosha? Na utaweza kukaa na watu hawa kila siku bila hofu?

Mimi ni tabibu, huu ni mwaka wangu wa saba katika kliniki ya namna hiyo hapa Dar es Salaam. Siku tano hazitoshi. Nenda hivyo hivyo, ila nenda ukijua cha kudai.

Nianze na hofu maana ndiyo nyepesi. Miaka yote hii sijapigwa wala kuibiwa kazini. Kutukanwa nimetukanwa, na karibu kila aliyenitukana alikuwa na arosto, yale mateso ya mwili uliokosa dawa, na yuko foleni tangu alfajiri. Mtu aliyepata dozi inayomtosha anakusalimia, anakuuliza watoto hawajambo, anakimbilia kibaruani. Dirisha la dawa likifunguliwa kwa wakati kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, nusu ya ugomvi unaouogopa hautatokea.

Wenzako waambie hivi. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka. Saa nane hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho mwili unaanza kudai, ndiyo maana mraibu hana siku, ana saa tu. Methadoni inanywewa, inapanda taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kwa dozi sahihi mtu halewi na haumwi, anapata nafasi ya kufikiria kitu kingine. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani, na Kenya wakaanzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014. Si jambo la majaribio tena.

Sasa la mafunzo, na hapa nitakaa kidogo.

Nilipofundishwa mimi, tulifanya mtihani wa mwanzo na wa mwisho. Wa mwisho nilipata alama za juu. Swali mojawapo liliuliza ni dawa gani ya kifua kikuu inayopunguza nguvu ya methadoni, nikajibu rifampisini bila kusita.

Haikupita miaka miwili akaja dirishani kaka mmoja, fundi wa kuchomelea (kazi yake nimeibadilisha). Alikuwa kwenye miligramu 70, ametulia zaidi ya mwaka, kazi anayo, amerudiana na mkewe. Akaniambia, "Dokta, dawa inaniishia saa tisa usiku." Nikamtazama nikajua moja kwa moja: huyu amerudi kijiweni, sasa anataka aongezewe. Nikamwandikia kipimo cha mkojo, nikamwambia aache ujanja. Akaondoka. Kesho yake akarudi kunywa dozi, akasimama amejikunyata, mikono ameifumbata kifuani, na ilikuwa Februari, joto la Dar unalijua. Muuguzi niliyekuwa naye zamu akanivuta pembeni: "Umemwangalia mikono? Malaika wamemsimama." Nikatoka nje nikamfuata kibarazani. Mboni za macho zilikuwa pana kwenye mwanga mkali wa asubuhi. Alipiga miayo mara tatu tukiwa tunaongea, machozi yanamtoka na wala halii. Nikamuuliza, kuna dawa nyingine yoyote unakunywa? Akatoa mfukoni kadi ya kifua kikuu. Alikuwa ameanza wiki mbili kabla, jengo la pili tu kutoka letu, na hakuna aliyetuambia, nasi hatukumuuliza.

Rifampisini ilikuwa inalisukuma ini lake kuimaliza methadoni mapema. Jibu nililolijua kwenye karatasi lilikuwa limesimama mbele yangu kwa siku mbili, nami nikaliita ujanja. Alishanunua kete usiku tatu mfululizo ili aweze kulala. Tulimpandisha hatua kwa hatua hadi zaidi ya miligramu 100, na alipomaliza dawa za kifua kikuu miezi sita baadaye tukamshusha taratibu, maana ini likitulia dozi ile ile iliyomtosha inaweza kumzimisha pumzi. Yuko hai, anafanya kazi. Lakini zile siku mbili sijazisahau.

Basi nikikwambia siku tano hazitoshi, kasoro siioni kwenye mada zinazofundishwa, mada zipo. Kinachokosekana ni kumwona mgonjwa mwenye arosto kwa macho yako, ukiwa na mtu mzoefu pembeni, mara kumi, mara ishirini, mpaka jicho lizoee. Ile fomu ya kupima arosto ina vipengele 11: mapigo ya moyo, jasho, mboni, miayo, mafua, malaika kusimama, tumbo, mitetemo na vinginevyo. Wengi hujaziwa fomu hiyo na mwezeshaji ukutani, wakaondoka. Wewe dai uijaze mwenyewe kwa mgonjwa halisi, kisha mzoefu aijaze kwa mgonjwa huyo huyo, mlinganishe.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema tunakuza mambo, Marekani daktari anasoma saa nane tu anaruhusiwa kutibu. Ndugu, zile saa nane zilikuwa za kupata kibali cha kuandika buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, na kibali chenyewe kiliondolewa mwishoni mwa 2022. Sasa saa nane za mafunzo zinadaiwa kwa karibu kila anayeandika dawa zinazodhibitiwa. Buprenofini ina kikomo katika kukandamiza pumzi, methadoni haina. Na kwa kutibu uraibu huko Marekani, methadoni haichukuliwi duka la dawa la mtaani, hutolewa kwenye kliniki maalumu. Usichanganye mambo mawili.

Dada, dai siku ya kwanza ya mgonjwa mpya uione yote, kuanzia kupokelewa hadi kuondoka. Anaanzishwa kwa miligramu kidogo, hazizidi 30, naye atalalamika haitoshi, na atakuwa anasema kweli. Usimpandishe kwa huruma. Dozi ya leo inakuta mabaki ya jana, na ya kesho itakuta ya leo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa salama Jumatatu akafa Alhamisi kwa kiwango kile kile. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Mwambie wazi: "Najua unaumwa, tunapanda pole pole kwa sababu hii." Ukimweleza sababu atavumilia. Ukimnyamazia atajazia kijiweni, tena juu ya methadoni.

Ujifunze pia kumnyima dozi mtu kwa heshima. Akija amelewa pombe au amekunywa Valiamu, anasinzia huku anaongea, hapewi. Mkalishe, mpe maji, mwangalie, mwambie arudi baada ya saa kadhaa. Mimi humsogezea kiti ndani, nje kwenye foleni wenzake watamcheka. Na aliyekosa siku tatu mfululizo au zaidi, usimpe dozi yake ya zamani kwa mazoea. Mwili ulishaanza kuisahau.

Naloksoni, sindano ya kumwamsha aliyezidiwa na heroini au methadoni, ishike kwa mikono yako. Usikubali kuiona kwenye picha. Vunja kichupa, vuta dawa, choma kwenye chungwa au chochote watakachokuwa nacho. Na ukumbuke: inamwamsha mtu kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja au moja na nusu hivi, wakati methadoni bado imo mwilini. Aliyeamka akisema amepona anataka kwenda nyumbani, hatoki.

Wajawazito ndio wanaoniumiza zaidi, kwa sababu makosa yanafanyika mbali na kliniki yetu. Mama anafika leba, mkunga anasikia methadoni, anamwambia aache palepale, eti anamuua mtoto. Kuachishwa ghafla ndiko kunakohatarisha mimba. Mama anaendelea na dozi, pengine inaongezwa miezi ya mwisho, mtoto akizaliwa anaangaliwa kama anapata dalili za arosto, na zinatibika. Ananyonyeshwa kama mtoto mwingine yeyote, isipokuwa pawe na sababu nyingine. Ndiyo maana nasema mkitaka kufungua kliniki, wafundisheni na wakunga, na wodi ya upasuaji vilevile. Tumewahi kupotewa na kijana aliyevunjika mguu: alilazwa, siku ya pili hakuna aliyempelekea dozi, usiku akatoroka wodini kwa magongo. Tulimpata baada ya wiki, kidonda kimeoza.

Neno moja kuhusu majina. Kwenye makabrasha utakuta "mteja, wateja". Mtaani ni "teja, mateja". Tofauti ni silabi moja na nimeona wahudumu wakiteleza kutoka la kwanza hadi la pili katikati ya sentensi, mgonjwa akisikia. Mimi nasema "mgonjwa", au jina lake na kaka au dada mbele. Baadhi ya wagonjwa wetu wana miaka kumi hawajaitwa kwa jina lao na mtu aliyevaa koti jeupe.

Kwa hiyo kabla hujasaini kurudi, muulize mratibu kama kuna wiki mbili au tatu za kukaa kwenye kliniki inayofanya kazi, na baada ya hapo nani atapokea simu yako mgonjwa akikuzidi saa mbili asubuhi. Wakikwambia hakuna, omba kwa maandishi kupitia kwa mganga mkuu wako. Na jioni moja kaa na waelimishaji rika, wale waliopitia unga wenyewe. Waulize arosto inaanzaje, inaanzia wapi mwilini. Mimi walinifundisha kutofautisha anayesinzia kwa uchovu wa kibarua na anayesinzia kwa dawa, na hilo sikulikuta kwenye mwongozo wowote.

Mkishafungua, rudi humu kwenye uzi uandike: mgonjwa wenu wa kwanza mlimwanzisha miligramu ngapi, na mlimwangalia tena baada ya saa ngapi. Nitakuwa nasubiri.