Mwaka wa kwanza chuoni: hakuna kengele, na alama zimeshaanza kuhesabiwa

Wadogo zangu mnaoripoti Mlimani, hongereni. Na nyie mnaokwenda Dodoma, Mzumbe, Sokoine na kwingineko, hongereni pia. Nitakayosema nimeyaishi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ila mengi yake mtayakuta huko mwendako.

Shuleni kengele ilikuamsha, mwalimu wa zamu alipita prepo kuhesabu vichwa, na ukifanya vibaya mtihani wa wiki mwalimu wa somo alikuita kwa jina. Chuoni yote hayo yanakoma siku moja. Usipoingia darasani mwezi mzima, hakuna wa kukuuliza. Ukifeli jaribio la kwanza huitwi ofisini. Utaona namba yako ya usajili kwenye orodha na alama pembeni yake, basi. Kimya hicho ndicho kinachowaangusha watu mwaka wa kwanza, kuliko ugumu wa masomo. Nimewaona waliokuja na divisheni wani ya kidato cha sita wakisapu, yaani wakirudia mitihani ya kozi walizofeli, ambazo wangezifaulu bila shida, kwa kudhani muhula bado mchanga.

Kozi nyingi zina alama 40 za kosiweki na 60 za UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kosiweki ni majaribio, asaimenti na semina, na huanza kukusanywa wakati wewe bado unahangaikia chumba au unasubiri Bodi ya Mikopo itoe majina ya awamu inayofuata. Piga hesabu. Aliyekusanya 30 kati ya 40 anahitaji 30 tu kati ya 60 za UE ili afikishe 60, yaani B+. Aliyekusanya 17 anahitaji 43 kwa B+ ileile. Wote wawili wanaingia chumba kimoja cha mtihani, lakini mmoja tayari ana nafuu kubwa.

Msikubali ule usemi wa mabwenini kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, GPA, yaani wastani wa alama zako, utaipandisha mbele. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.8 kwenye digrii ya miaka mitatu, na uzito wa kozi ukawa sawa kila mwaka, unahitaji wastani wa 3.85 miaka miwili mfululizo ili utoke na 3.5, pale inapoanzia daraja la pili la juu. Inawezekana, wapo waliofanya. Ila ni mzigo mzito kuubeba kwa sababu ya wiki chache za Oktoba na Novemba.

Kwenye kozi zinazochanganya watu wengi, kama DS (masomo ya maendeleo), mtajaa kumbi za Yombo au Nkrumah mpaka wengine wasimame mlangoni. Wahi, kaa mbele. Lakini mimi naamini chuo chenyewe kiko kwenye semina. Pale mko wachache, mbele yenu mkufunzi msaidizi ambaye aghalabu naye amehitimu juzijuzi. Kila mtu ameinamia daftari akiomba asitajwe, na kinachowafunga wengi midomo ni Kiingereza, wala si kukosa la kusema. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: andika swali moja kwenye karatasi kabla hujaingia, liulize mwanzoni kabisa, hata kwa kulisoma. Ukishasikia sauti yako mle ndani, woga unapungua nusu. Wiki inayofuata mkufunzi anakukumbuka, na ukienda kumuuliza kuhusu jaribio anakuelewesha vizuri.

Asaimenti za kundi zina matatizo yake. Gawaneni kazi siku mnayopewa, na soma kazi nzima, siyo kipande chako tu, kwa sababu swali la UE linaweza kutoka kwenye kipande cha mwenzako.

Sasa bumu, yaani fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, na huja kwa mkupuo wa siku kama 60. Kwa hiyo kijana ambaye hajawahi kushika hata laki moja anakuta laki sita kwenye akaunti. Wiki mbili za kwanza ni chipsi kuku, simu mpya na viatu. Wiki ya sita anakula mara moja kwa siku na anaona aibu kusema. Siku bumu linapoingia, lipa kwanza malazi. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki, kisha kila Jumatatu toa cha wiki hiyo tu. Anayepanga chumba mitaa ya karibu na chuo, Changanyikeni au Msewe, ajue kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo zungumza na wazazi kabla hujasafiri. Na kumbuka fedha hiyo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako inakatwa mpaka liishe. Aliyekosa mkopo awamu ya kwanza asikate tamaa, afuatilie awamu zinazofuata na dirisha la rufaa.

Ukikosa kitanda, utasikia habari za kubebana, wawili godoro moja. Anayekubali kukubeba amekutendea wema mkubwa. Changia sabuni, changia chakula, usimlazimishe akufukuze.

Upweke upo, hata katikati ya maelfu ya watu. Wengi wetu tulipata ndugu wa kwanza chuoni kupitia vikundi vya dini, MSAUD ya Waislamu, TMCS ya Wakatoliki, USCF na CASFETA za Wakristo wengine, na wengine kwenye michezo. Tafuta watu wako mapema. Hali ikizidi, usingizi ukapotea, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ipo kwa ajili yako, huhitaji kuwa umefanya kosa ndipo uingie.

Na sapu ikikukuta, waambie nyumbani, kisha tafuta mitihani ya miaka iliyopita uanze kuifanya siku hiyohiyo. Ukifaulu sapu utapewa C, haizidi hapo. Ukiifeli tena, inaweza kuwa keri, kozi unayoibeba mwaka wa pili pamoja na kozi mpya, na zikirundikana unadisko, yaani unaondolewa chuoni. Soma kanuni za mitihani za chuo chako wiki hii, ukiwa bado huna tatizo lolote.