Kuzuia wazee wasianguke mtaani, muanzie wapi

Mkuu umeuliza mtaani kwenu mkitaka kuzuia wazee wasianguke muanzie wapi, nakujibu kwa yaliyonikuta. Mama alianguka usiku akienda chooni, nyonga ikavunjika, na tukiwa naye wodini ndo anatuambia hiyo ni mara ya tatu. Zile mbili alificha, aliogopa tutamkataza kutoka peke yake. Na kweli tungemkataza.

Kwahiyo anzieni kwa kuwafanya wawe huru kusema. Sisi mtaani kwetu tulipita nyumba kwa nyumba tukawauliza wazee tu, mwaka huu umeanguka? unaogopa kuanguka? Aisee walikua wengi, na inajulikana kabisa kwamba wa miaka 65 kwenda juu karibu mmoja kati ya watatu huanguka kila mwaka.

Kosa letu la mwanzo ilikua kumwambia mzee kaa tu tutakufanyia. Jamani msifanye hivyo, akikaa misuli ya mapaja inaisha, balansi inapotea, woga unaongezeka, anazidi kukaa, siku akiinuka miguu haimbebi. Kinachosaidia hasa ni mazoezi ya nguvu na balansi, kuinuka kwenye kiti bila kujishika, kusimama mguu mmoja pembeni ya ukuta, mara 3 kwa wiki na yasikatike. Fanyeni kwa kundi, maana nyumbani peke yake mtu anaacha mapema ila kwenye kundi anakuja hata kwa ajili ya stori. Kupima ni rahisi, ainuke kwenye kiti atembee mita 3 ageuke arudi akae, ikifika sekunde 12 au zaidi huyo yuko hatarini.

Halafu dawa, hili watu hawalifikirii. Za usingizi na hata za presha zinaweza kuleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, wasiache wenyewe lakini, wabebe zote wakamuonyeshe daktari. Macho pia yapimwe.

Vijana wetu walifunga vyuma vya kushikilia chooni na taa za njiani, zulia zinazoteleza tukatoa. Na wanaoishi peke yao kila mmoja ana jirani wa kumpigia simu asubuhi, kwa sababu akianguka akashindwa kuinuka, kulala sakafuni masaa mengi nako kunaua.

Mama sasa anatembea na fimbo, na kwenye mazoezi yeye ndo anayehesabu kwa sauti.