Buti mpya za pikipiki: sogeza pedeli kabla hujaulaumu mguu

Mkuu, umesema umenunua buti zako za kwanza za kuendeshea, zile zinazopanda hadi chini ya goti, na tangu uzivae hujui kama gia imeingia au bado. Ukitaka gia ya pili unapata frii (hakuna gia iliyoshika), kifundo cha mguu kinauma, na sasa unafikiria kurudia raba. Usirudie raba. Karibu yote uliyoyataja yana dawa, na lile kubwa kuliko yote halihitaji uvumilivu, linahitaji spana.

Pedeli yako ya gia ilifungwa kwa ajili ya kiatu chembamba. Buti ya pikipiki ina soli nene, kinga ngumu kwenye vidole, na juu ya kinga hiyo mara nyingi kuna kiraka cha kuzuia pedeli isichubue. Ukijumlisha vyote hivyo, ncha ya mguu wako imenenepa, ila nafasi kati ya chuma cha kukanyagia na pedeli ni ile ile. Mguu unaingia nusu, unainua gia kwa kucha tu, na pedeli haifiki mwisho wa safari yake. Kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi frii imekaa kati ya gia ya kwanza na ya pili, ukiinua nusu unaishia hapo hapo. Nimeshasaidia watu kadhaa waliodhani giaboksi imeanza kufa, kumbe pedeli ilikuwa chini mno kwa buti walizovaa.

Kuirekebisha kunategemea ilivyofungwa. Kama pedeli imebana moja kwa moja kwenye shafti yenye meno inayotoka kwenye injini, weka kwanza alama ya rangi mahali ilipo, toa bolti yote (kuilegeza tu hakutoshi, kwa kawaida inapita kwenye mfereji wa shafti), vuta pedeli, irudishe ikiwa imepanda jino moja, kisha kaza. Jino moja ni badiliko kubwa, kwa hiyo ijaribu hapo kabla ya kuongeza la pili. Kama kuna kijiti kinachounganisha pedeli na shafti, kazi ni nyepesi zaidi: legeza nati za ncha zote mbili, zungusha kijiti chenyewe kidogo kidogo, kaza tena. Angalia tu kwamba nati moja mara nyingi ina uzi wa kinyume. Ukiona inazidi kukaza, jaribu upande mwingine kabla hujatumia nguvu. Pima ukiwa umekaa juu ya kiti na umevaa buti: mguu uingie chini ya pedeli bila kuusokota, na bado uweze kuikanyaga hadi chini.

Wenye pedeli ya pande mbili, ya vidole na kisigino, wana nafuu, maana hawahitaji kuingiza mguu chini ya kitu. Kwao tatizo ni soli ndefu kugusa upande usiotakiwa.

Sasa mguu wa kulia, ambao haukuutaja, na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Soli nene inaweza kuikalia pedeli ya breki nawe usihisi chochote. Breki ya nyuma inaburuza, inapata moto, na kama ni ya oili, oili ikichemka pedeli inazama bila kushika. Juu ya hayo taa ya breki inawaka muda wote, kwa hiyo anayekufuata hajui lini unasimama kweli. Shusha pedeli kidogo, bakisha mchezo, yaani nafasi ya pedeli kusogea kabla breki haijashika, kama unavyoelekezwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, halafu rekebisha na swichi ya taa ya breki, kwa sababu ukisogeza pedeli swichi nayo inapoteza vipimo. Mwisho inua tairi la nyuma ulizungushe kwa mkono. Liwe jepesi.

Pedeli zikishakaa vizuri ndipo uje kwenye kujizoesha. Kwa raba ulikuwa unabadilisha gia kwa kukunja kifundo. Buti imetengenezwa ili kifundo kisipinde kirahisi, hasa kuelekea pembeni, kwa hiyo mwendo utoke kwenye goti: inua mguu mzima, sukuma pedeli hadi igome, na usiiachie mpaka klachi iwe imerudi. Ukitazama lebo iliyoshonwa ndani, buti iliyopimwa kwa EN 13634, kiwango cha Ulaya cha buti za pikipiki, toleo la mwaka 2017, ina tarakimu nne za 1 au 2. Zinahusu urefu wa buti, uwezo wa kustahimili msuguano, kustahimili kukatwa, na ya mwisho ni ugumu wa soli isipondwe kutoka pembeni. Soli inayokukera leo ndiyo itakayobaki kati ya mguu wako na pikipiki ikikulalia. Mimi huo ugumu siwezi kuubadilisha na kiatu laini hata kwa safari ya dukani.

Fanya mazoezi injini ikiwa imezimwa, ukiisogeza pikipiki mbele na nyuma kidogo ili gia ziingie, kisha nenda uwanja mtupu, ukapande na kushuka kati ya gia ya kwanza na ya pili mpaka usifikirie. Zoea pia stendi ya pembeni: tazama kwa macho kwamba imefika mwisho kabla hujaiegemeza, maana mguu hautakuambia. Unaposimama, weka unyayo wote chini. Soli ngumu haikupi habari ya kokoto wala oili barabarani.

Kuhusu maumivu, inategemea ni wapi. Juu ya kifundo, pale buti inapojikunja, ni kawaida na yatapungua. Zivae ndani ya nyumba jioni, wakati miguu imevimba kidogo, ukiwa na soksi zile zile za safarini, ndefu kupita buti na zisiwe za pamba tupu, kwa sababu pamba inashika jasho na kuleta malengelenge. Chuchumaa, panda ngazi, kaa juu ya pikipiki. Kama ni ngozi halisi, paka mafuta ya ngozi kidogo kwenye mikunjo tu. Usiloweke maji, usiweke juani wala karibu na moto; gundi inaachia na ngozi inakakamaa. Ngozi ya kutengenezwa haitanuki hivyo, saizi yake unayoisikia siku ya kwanza ndiyo utakayokaa nayo. Kufunga anza chini: kwenye unyayo na kifundo ibane, kwenye ugoko iache ilegee, na ncha za mikanda zisining'inie upande wa pedeli.

Kisigino kuinuka kidogo unapotembea si kasoro, soli ikipata mkunjo kinatulia. Lakini vidole vikigusa mbele ukiwa umesimama, au kidole cha mwisho kikibanwa pembeni hadi kufa ganzi, hakuna kuzoea hapo. Kinga ya vidole ni ngumu na haitasogea. Zirudishe mapema, kabla soli hazijachubuliwa na vyuma vya kukanyagia, kwa sababu zikishaonyesha alama muuzaji anaweza kukataa kuzipokea.

Ukirudi hapa tuambie pedeli yako ya gia ni ya kijiti au imebana kwenye shafti, na breki ya nyuma ni ya diski au ya ngoma, nikuelekeze nati ya kuanzia.