Rezini na virusi ya gripe
Ndugu, uliuliza kama ile rezini (vile vipunje vya plastiki) ya filtri ya kulainisha maji inaweza kunasa virusi ya gripe. Hapana, haiwezi kuinasa vizuri, juu iko na shaji (ya umeme) negatifu na virusi nayo kwenye pH (kipimo cha asidi) ya 7 hivi inakuwaka negatifu, njo zinasukumana. Yenye inakamata ni rezini ya kunasa aniyoni (vitu vya shaji negatifu), ile yenyewe iko na shaji positifu, virusi inashika pale mpaka wapitishe maji ya chumvi mingi ndiyo inaachilia, njo moja ya njia za kusafisha virusi ya vakseni, tulifundishwa hiyo kwenye labo hapa Bukavu. Lakini muangalie sana, kunaswa si kufa, virusi ikitoka pale inaweza kuambukiza bado, ila pH ikishuka karibu 5, hemaglutinini yake (protini ya juu yake yenye inatumia kuingia kwenye seli) inaharibika.