Mtindi na mpira wa babu yako

Tabora

Mwanangu Zainabu,

Marahaba. Babu yako anaendelea vizuri. Juzi aligoma kula ndani, akataka atolewe chini ya mwembe na redio yake.

Umeuliza kama tumnyweshe mtindi kwa wingi ili mpira wa kutolea mkojo kwenye kibofu usimletee UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, tena, maana umesikia bakteria wa mtindi huwafukuza wabaya. Jirani yetu amekuzidi: anataka tuusafishe mpira kwa mtindi! Nimemkatalia, na wewe nakukatalia mapema.

Lakini ulichosikia kina mzizi. Unakikumbuka kibuyu cha bibi yako kule Sikonge? Hakukisugua kikatakata. Alibakiza maziwa ya jana kidogo, akamiminia mapya juu yake, yakaganda bila kuoza. Ndani ya kibuyu kulikuwa na wenyeji. Mdudu mgeni akiingia anakuta nafasi zimejaa, kuna uchachu, na kuna sumu. Sumu hiyo ni vijipande vya protini, wataalamu huviita peptidi. Mojawapo ni nisini, ya bakteria wa maziwa aitwaye Lactococcus lactis. Ilianza kugunduliwa 1928, na leo hutiwa kwenye jibini kama kihifadhi cha chakula chenye namba E234. Hukishika kiungo ambacho bakteria hujengea ukuta wake, kisha humtoboa, akavuja hadi afe.

Mpira nao ni kibuyu, ila wenyeji wake hawakualikwa. Ukikaa mwezi mzima, karibu kila mgonjwa huwa na bakteria kwenye mkojo. Hujibandika kwenye mpira na kujifunika utelezi, kama ule tunaousugua ndani ya dumu la maji, na dawa haiwafikii vizuri. Ndipo watafiti wa Houston, Marekani, wakafikiri kama bibi yako: wakaupaka mpira E. coli mpole, bakteria wa jamii ile ile inayoleta UTI nyingi, kabla ya kuuingiza, awahi nafasi. Asili yake ni msichana wa Sweden aliyekaa naye kwenye mkojo miaka mitatu bila kuumwa. Hiyo ni kazi ya utafiti, si ya jikoni kwetu.

Wengine wanajaribu kuvipaka vifaa peptidi zenyewe. Nisini inamuweza Staphylococcus, bakteria wa ngozini anayependa mipira ya mishipani. E. coli wa kibofu ana koti la nje, kwa hiyo nisini peke yake humpata kwa shida.

Na kunywa je? Uholanzi, watu waliotolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, na kuwekewa kifaa cha kusemea waliona kwamba maziwa ya mgando yanakifanya kidumu zaidi. Sawa, lakini kile kiko kooni, maziwa yanapita jirani. Kwenye kibofu mtindi hauendi, mwanangu. Tena kwa mgonjwa mahututi mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa, hata bakteria hawa wema wamewahi kuingia kwenye damu.

Kuna wodi niliyofanya kazi ambako mfuko wa mkojo ulikuwa ukilazwa kitandani pembeni ya mgonjwa, mkojo unarudi ulikotoka. Nilikuwa naunyanyua kila zamu nikanung'unika peke yangu. Hapa nyumbani uko chini ya kibofu, haugusi sakafu, na hakuna anayeushika bila kunawa kwa sabuni, hata kaka yako mwenye haraka.

Jumatatu nampeleka kliniki nikaulize kama mpira bado unahitajika. Dawa ya kweli ni kuutoa ukishamaliza kazi yake. Mtindi anakunywa bilauri moja kila jioni na ugali, kwa kuwa anaupenda.

Mama yako