Mzee Amefungiwa Ndani: Simu ya Kumjulia Hali Ipigwe Vipi

Mlipuko wa ugonjwa ukianza, familia nyingi humlinda mzee kwa kumweka kando: wajukuu wasiingie chumbani, wageni waishie mlangoni, ibada aifuate redioni. Kwa upande wa maambukizi ni sawa. Ila pamoja na virusi huzuiwa salamu, ubishi na vijikazi vilivyokuwa vikimfanya ajione bado ana nafasi yake. Wala si lazima awe anaishi peke yake. Wapo wenye nyumba iliyojaa watu, na siku inakwisha bila hata mmoja kuketi nao.

Hata hivyo, tusimhesabu kila mzee kuwa mgonjwa. Miezi ya mwanzo ya UVIKO-19, mwaka 2020, tafiti za nchi kadhaa zilikuta vijana wakisumbuliwa na wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kuliko wazee. Basi uliza kwanza. Kuna maswali matatu ambayo watafiti huyatumia: ni mara ngapi unajiona huna mwenzako? Ni mara ngapi unajiona umeachwa nje ya mambo? Ni mara ngapi unajiona umetengwa na watu? Jibu la “nadra” lina alama 1, “wakati mwingine” 2, “mara nyingi” 3. Jumla ikifika 6, huo kwa kawaida huhesabiwa kuwa upweke. Rudia baada ya mwezi, ulinganishe.

Sasa simu. Mwaka 2020 huko Texas, Marekani, vijana wa miaka 17 hadi 23 waliofunzwa kwa muda mfupi tu namna ya kusikiliza waliwapigia watu wazima, wengi wao wazee, kwa wiki nne. Kila simu ilikuwa ya dakika 10 hivi, mwanzoni siku tano kwa wiki, kisha mwenyewe akachagua apigiwe mara ngapi. Upweke ulipungua, na wasiwasi na sonona pia. Wapigaji hawakuwa wataalamu wala ndugu. Walipiga kwa utaratibu na kumwachia mzee achague mazungumzo.

Simu za kwenye familia huharibika mahali pawili. Kwanza, hazina saa. Mzee anashinda na simu mkononi, na isipolia anajijibu mwenyewe kwa nini haikulia. Panga saa moja isiyobadilika, na ndugu wagawane siku kwa majina, maana “tutampigia” ya watu wanane huishia kwa mmoja. Pili, zinageuka mahojiano: umekula? umemeza dawa? umenawa? Anaitikia “ndiyo” tatu, mmemaliza. Anzia pale mlipoishia jana, kisha mwombe kitu ambacho kweli unakihitaji: majina ya ukoo yaandikwe kabla hayajasahaulika, jinsi ya kupatanisha wawili waliogombana, mshono fulani unavyoanzwa. Mpe siku ya kukupa jibu, na baadaye mweleze ulilitumiaje. Usipomrudishia habari, atajua ulikuwa unampa kitu cha kupotezea muda tu.

Anayejibu kwa mkato huenda hasikii. Uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, hasa s, f na t, na barakoa huzififiza zaidi huku ikificha midomo. Kupiga kelele hakusaidii, kunavuruga tu maneno. Teremsha sauti iwe nzito kidogo, sema polepole, na asiposikia badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Kwenye simu ya video, mwanga uwe mbele ya uso wako. Ukikaa umelipa dirisha mgongo anaona kivuli. Kama mnaweza kukutana nje, penye hewa, nusu saa kwenye viti vilivyotenganishwa ni bora kuliko simu yoyote.

Habari za janga zitoshe mara mbili kwa siku, na si usiku. Asubuhi atoke nje apate mwanga. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, la sivyo usiku atakesha, na hapo ndipo mtu anapomtafutia vidonge vya usingizi, ambavyo kwa wazee huleta kuanguka na kuchanganyikiwa. Kama ameshavitumia kwa muda mrefu, msivikatize ghafla bila daktari.

Aliyefiwa na hakuruhusiwa kuzika aachwe amtaje marehemu kila anapotaka. Pangeni siku ya kumkumbuka, hata kwa simu.

Kuna mambo ambayo simu haiyatibu. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo si upweke. Huenda ni maambukizi, hata bila homa, au upungufu wa maji, au dawa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sonona huja taratibu, na kwa wazee mara nyingi hulalamikiwa kama maumivu, uchovu au kukosa hamu ya kula. Ikizidi wiki mbili, au nguo zikianza kumpwaya (kilo 3 kwa aliyekuwa na 60 ni nyingi ndani ya nusu mwaka), muoneni daktari. Akisema “nimechoka kuishi”, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu ziondolewe, na msaada utafutwe saa hiyohiyo.

Mkienda kwa daktari, bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za kununua bila cheti, na karatasi ya tarehe: lini aliacha kula vizuri, lini usingizi uliharibika, dawa ipi ilianza wiki gani. Akiandikiwa dawa ya sonona, msihukumu kabla ya wiki nne hadi sita. Akizidi kuchanganyikiwa au kulegea baada ya kuianza, rudini mapema: baadhi ya dawa hizo hushusha chumvi ya sodiamu mwilini, na kipimo cha damu huionyesha.